Nondo Anayejifanya Nyigu Kwenye Viazi Vyetu

Asanteni jamani, wa nyuma sogeeni mbele nafasi ipo. Leo nimemwacha fukusi, yule mdudu anayetoboa viazi vitamu, huyo kila mkulima wa Teso anamjua, nataka tumwongelee mdudu mwingine wa viazi vitamu, unayempita shambani ukidhani ni nyigu kumbe ni nondo, wataalamu wanamwita Synanthedon dasysceles.

Nondo mliowazoea wanakuja usiku kwenye taa, ukimshika vumbi linabaki vidoleni, lile vumbi ni magamba ya mabawa. Sasa huyu mabawa yake sehemu kubwa hayana magamba, yanapitisha mwanga kama kioo, na anaruka mchana kweupe, kwa hiyo ndege aliyewahi kudungwa na nyigu hathubutu kumgusa. Na mwiba hana hata kidogo! Kuna Mwingereza, Henry Walter Bates, alikaa Amazon miaka 11 akikusanya wadudu, mwaka 1862 akaeleza jinsi mdudu anayelika anavyochukua sura ya yule ambaye ndege hamtaki, na mimi kila nikimwona huyu nondo nastaajabu upya. Ukitaka kuwatofautisha angalia kiuno, cha nyigu kimebanwa sana, wa nondo mwili umenyooka tu.

Hasara analeta mtoto wake. Mama anataga mayai ya njano njano kwenye marando na vikonyo vya majani, 70 mpaka 100 pamoja, kiwavi akianguliwa anatoboa shina anaingia, anakula humo humo mpaka anafika sentimita 2.5, mweupe, ngozi nyembamba unaona mpaka ndani, kichwa cha kahawia. Shina linavimba pale chini, ukilivuta kidogo linakatika, na mwenye shamba anasingizia jua ama panya. Pasua ule uvimbe kwa kisu, utakuta vijia vimeenda huku na huku. Ukiona ganda la kahawia limechungulia nje, basi nondo keshatoka.

Kupuliza dawa hapo naona ni kumwaga hela, kiwavi yuko ndani itamfikiaje? Pandisheni udongo kwenye matuta mashina yafunikwe vizuri, hiyo inapunguza kabisa. Mbegu kateni kwenye ncha za marando, zile sehemu za chini zilizovimba msizipande tena. Na nyigu wa kweli msiwachomee viota kama viko mbali na nyumba, wengi wao wanawinda viwavi kulisha watoto wao.