Mikataba ya Ulinzi ya 1961: Nani Alibaki na Uamuzi?

Mabibi na mabwana, tuanze na tarehe 24 Aprili 1961. Siku hiyo Côte d'Ivoire, Dahomey (ndiyo Benin ya leo) na Niger, nchi ambazo hazijatimiza hata mwaka wa uhuru, zilitia saini mkataba mmoja wa ulinzi na Ufaransa. Wengi huusoma ule mwanzo unaoahidi kusaidiana kiulinzi, wakaishia hapo. Nawaomba mfungue kiambatisho cha pili.

Kinahusu malighafi. Kundi la kwanza ni mafuta na gesi. La pili ni urani, thoriamu, lithiamu na beriliamu, madini yanayotumika katika kazi za nyuklia. Nchi hizo tatu ziliahidi kuiarifu Ufaransa jinsi zinavyokusudia kuyauza madini hayo. Ziliahidi kuiuzia Ufaransa kwanza, zikishatosheleza mahitaji ya ndani, na kuyarahisishia majeshi yake kuweka akiba. Na maslahi ya ulinzi yakidai, zipunguze au zizuie kabisa kuwauzia wengine. Hayo yote yamo katika mkataba wa kijeshi! Kumbukeni kuwa Februari 1960 Ufaransa ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza la nyuklia huko Reggane, katika Sahara ya Algeria.

Sasa tazameni upande wa pili. Rais akitishiwa na mapinduzi, aliweza kuomba askari wa Kifaransa. Lakini kuomba ni jambo moja, kupewa ni jingine: uamuzi ulikuwa wa Paris, na hapo ndipo mizani ilipolala upande mmoja.

Oktoba 1963, Kanali Christophe Soglo alimwondoa Rais Hubert Maga wa Dahomey. Mkataba ulikuwepo, lakini Ufaransa haikumrudisha. Miezi minne baadaye, Februari 1964, wanajeshi wa Gabon walimkamata Rais Léon M'ba. Gabon iko Afrika ya Kati, ila naitaja kwa sababu utaratibu ulikuwa ule ule. M'ba alikuwa mikononi mwa waasi, hakuwa na nafasi ya kuomba chochote. Hata hivyo askari wa miavuli waliletwa kutoka Dakar na Brazzaville, na muda si mrefu akawa amerudi madarakani.

Wapo marais waliokataa. Modibo Keita wa Mali alidai vituo vya kijeshi vifungwe, na mwaka 1961 Wafaransa wakaondoka Bamako, Kati, Gao na Tessalit. Maurice Yaméogo wa Volta ya Juu (ndiyo Burkina Faso ya leo) aliukataa mkataba wa ulinzi, ila akakubali ule wa msaada wa kiufundi, yaani wakufunzi na vifaa. Msiudharau huu wa pili. Jeshi lililofunzwa na kupewa silaha na nchi moja huitegemea nchi hiyo kwa vipuri, risasi na mafunzo ya maofisa wake.

Niger inalionyesha hilo waziwazi. Urani ya Arlit ilianza kuchimbwa mwaka 1971, na mapema 1974 Rais Hamani Diori alikuwa akidai bei bora. Tarehe 2 Aprili Rais Pompidou akafariki. Ufaransa ikawa chini ya rais wa muda. Tarehe 15 Aprili Luteni Kanali Seyni Kountché akampindua Diori, na Ufaransa haikumwokoa. Kountché aliwataka askari wa Kifaransa waondoke Niamey, nao wakaondoka. Hata hivyo, mwaka 1977 serikali yake ilitia saini na Ufaransa makubaliano mapya ya ushirikiano wa kiufundi wa kijeshi.