Kipande Kimoja Hakitoshi Kutambua Kirusi cha Muhogo

Mheshimiwa Mwenyekiti, wenzangu wa maabara na ndugu maafisa ugani, wanaonifahamu wanajua nitaanzia Uganda, na naam, ninaanzia huko huko. Katika miaka ya 1990 batobato kali, ugonjwa wa virusi, ilifyeka mashamba ya mihogo ya nchi ile hadi familia nyingi zikaliacha zao lenyewe. Kipimo cha kingamwili, ambacho hutambua ganda la protini la kirusi, kilionyesha kirusi cha batobato ya Afrika tulichokizoea. Sasa ukali ule ulitoka wapi? Jibu lilichapishwa mwaka 1997, baada ya vinasaba kusomwa. Sehemu kubwa ya DNA-A, mojawapo ya sehemu mbili za vinasaba vya virusi hivi, ilikuwa ya kirusi kingine, cha batobato ya Afrika Mashariki, ila katikati ya jeni la ganda palikuwa pamepachikwa kipande cha kile cha kwanza. Virusi viwili vilikutana ndani ya mmea mmoja, vikabadilishana vipande, kukazaliwa chotara. Kipimo kilitazama ganda peke yake, na ganda ndilo lililokuwa la kuazima.

Ndiyo maana hunikera kusikia mtu amekuza kwa PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi, kipande cha herufi mia tano za vinasaba, akakilinganisha na hifadhidata, kisha akatangaza spishi. Kwa begomovirusi, kundi la virusi hivi vya batobato, kanuni ya uainishaji inadai mfuatano mzima wa DNA-A, takriban herufi 2,800, na mpaka wa spishi ni mfanano wa asilimia 91. Ni asilimia 91 ya kitu kizima, si ya kipande ulichobahatika kukipata.

Mtaniambia mkulima wa Mkuranga hana haja na jina la spishi. Hana, nakubali; anataka pingili safi za kupanda. Lakini pingili hizo hupitishwa na mkaguzi, na kipimo cha mkaguzi hubuniwa kutokana na mifuatano tuliyoisoma sisi. Michirizi kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo, ambayo mtafiti Storey aliieleza kule Amani, Tanga, mwaka 1936, ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa na kirusi kimoja. Jenomu nzima za RNA, yaani vinasaba vyote vya kirusi, zenye herufi karibu 9,000, zilipolinganishwa, vikaonekana viwili. Praima, vile vipande vifupi vinavyoielekeza PCR mahali pa kunakili, zilizobuniwa kwa kimoja zaweza kukikosa kingine kabisa. Shina linasimama vizuri, majani hayatii shaka, ukikata mzizi unakuta mabaka makavu ya kahawia, na mbegu hiyo imekwisha kupewa cheti.

Gharama? Kipo kifaa cha kusoma vinasaba kinachoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta mpakato, na kimekwisha kutumiwa kwa mihogo hii hii Tanzania, Kenya na Uganda. Kemikali zake ni ghali, sibishi.

Mahindi nayapitia mbio: ugonjwa uliozuka Bomet, Kenya, mwaka 2011 ulichunguzwa pia kwa kusoma vinasaba vyote vya jani bila kuchagua kwanza kinachotafutwa, vikaonekana virusi viwili vikisaidiana kuua mmea. Viazi vitamu na migomba sitaigusa leo.

Mnaopeleka mifuatano kwenye hifadhidata, andikeni kijiji, tarehe, aina ya muhogo, na kama sampuli ni ya jani au ya mzizi. Na mfuatano ukiwa kipande tu, msiupe jina la spishi mpya.