Mkono wa Kaka au wa Mdogo? Picha za Tobia za Venice

Mabibi na mabwana, picha mnazoziona hapo mbele zipo Venice, katika kanisa la Malaika Rafaeli. Ni za rangi ya mafuta juu ya turubai, zimepangwa kwenye ukingo wa roshani ya kinanda, na zilichorwa katikati ya karne ya 18. Zinasimulia habari za Tobia: kijana anatumwa safari na baba yake kipofu, anaongozana na malaika bila kumtambua, anaoa huko huko, kisha anarudi na nyongo ya samaki inayomrudishia mzee macho yake.

Tazameni jinsi zilivyochorwa. Umbo halijafungwa kwa mstari. Nguo, majani na mabawa vimetoka kwa mipigo ileile mifupi ya brashi, hata jicho linashindwa kusema kitambaa kinaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Kwangu mimi, Venice ya karne ile haikutoa kazi ya kidini iliyo hai kuliko hii.

Nani alizichora? Hakuna hati inayojulikana ya kumtaja. Ukoo tunaujua: ni akina Guardi. Kwa muda mrefu wengi walimtaja Francesco, aliyezaliwa 1712, maana mandhari zake za mifereji ya Venice zilikuwa zimempa umaarufu mkubwa. Kaka yake, Gian Antonio, aliyezaliwa Vienna mwaka 1699, alibaki nyuma ya jina hilo. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, nami nalisema wazi.

Hati nyingine zinamtetea kaka. Wosia wa bwana mmoja wa ukoo wa Giovanelli, wa mwaka 1731, unataja nakala zilizochorwa na "ndugu Guardi". Angalieni, ni ndugu, kwa wingi! Francesco wakati huo alikuwa kijana wa miaka 19 hivi. Kisha kuna hesabu za jemadari Schulenburg, mnunuzi wa picha, yule aliyekilinda kisiwa cha Corfu dhidi ya Waturuki mwaka 1716. Humo anayelipwa miaka nenda miaka rudi ni Gian Antonio. Na mwaka 1756 yeye alikuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza wa Chuo cha Sanaa cha Venice. (Dada yao, Cecilia, aliolewa na Tiepolo, mchoraji mashuhuri wa Venice, kwa hiyo nyumba hii haikuwa ya watu wa pembeni.)

Ugumu unabaki kwamba karakana ilikuwa moja. Ni kama kwa seremala na wadogo zake: mlangoni jina moja, lakini randa inapita mikono mingi. Akina Guardi walinakili sana kazi za wengine, hivyo mpangilio wa watu ndani ya picha hautusaidii sana kumtambua mchoraji. Kinachosaidia ni mkono wenyewe. Watu wa Francesco katika kazi zake za kidini wana uzito, wamesimama imara. Hawa wa Tobia wanakaribia kuyeyuka, kama wale wa picha ya altare ya Belvedere, karibu na Aquileia, ambayo wataalamu wengi wanampa Gian Antonio.

Gian Antonio alifariki mwaka 1760. Francesco aliishi hadi 1793, miaka 33 zaidi ya kujijengea jina. Mimi ningeandika kwenye kibao: Gian Antonio Guardi, na Francesco atajwe baada yake, kama msaidizi anayewezekana.