Kushuka na methadoni: musimuharakishe ndugu yenu

AMANI: Jambo wasikilizaji wa Bukavu na wote munatusikia kutoka mbali. Ni Amani, na hapa niko na yaya Furaha, muuguzi wetu. Tuko na ujumbe wa dada moja wa Kadutu. Kaka yake anaishi Dar es Salaam, aliingiaga ku unga kule, ni kusema heroini, saa hii anakunywa methadoni, dawa ya kumutoa ku unga, kila asubuhi, na familia inataka aache mbio mbio juu kuna harusi mwezi wa kumi na mbili, mama hataki arudi akiwa bado ku dawa. Yaya?

FURAHA: Aksanti mudogo wangu. Dada, kwanza toeni iyo harusi ndani ya hesabu. Tarehe ya harusi inapangwa na wazee, tarehe ya kuacha methadoni inapangwa na mwili wake pamoja na munganga wake, basi.

AMANI: Lakini mama anasema ni utumwa ileile, ametoka ku unga ameingia ku siro.

FURAHA: Apana, haiko ileile. Unga unamupandisha na kumuangusha mara mingi kwa siku, anatafuta pesa, anaiba, anajidunga. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku moja, anakunywa kikombe mbele ya muuguzi, muuguzi anamuongelesha kidogo ili ajue amemeza kweli, kiisha kaka anaenda kazini na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haimushiki mpaka kesho. Hospitali ya Muhimbili kule Dar walianza kuitoa 2011, na OMS, shirika la afya la dunia, iliiweka ku liste ya dawa za lazima tangu 2005. Mama asikie: mtoto wake yuko anatibiwa, sawa na mwenye kunywa dawa ya tansiyo.

AMANI: Sawa, lakini yeye mwenyewe naye anataka kushuka, kupunguza dozi mpaka aache.

FURAHA: Akitaka mwenyewe, na ako na kazi, ako na nyumba, hajagusa unga muda mrefu, basi ashuke, ni haki yake. Ila pole pole kabisa. Tuseme ako ku miligramu 80. Wanamupunguzia asilimia 5 ao 10, wanangoja majuma mbili, siku ingine mwezi muzima, ndiyo wanapunguza tena. Asilimia 10 ya 80 ni 8. Sasa akifika ku 20, ukimutolea tena 8 umemutolea karibu nusu, unaona? Njo maana kule chini unakata kidogo sana, na watu wengi wanasema miligramu za mwisho njo zinatesa kuliko zote. Inaweza kuchukua mwaka, ata kupita.

AMANI: Atajuaje kama wanaenda mbio sana?

FURAHA: Mwili utamuambia. Miayo ya bure, machozi, makamasi, tumbo kuharisha, miguu haitulii usiku, analala masaa mbili tu anaamuka amelowa jasho. Akiona ivi aseme ku kliniki, wasimame palepale, ata wapandishe tena. Kupandisha haiko aibu, nakuomba dada usimuambie "umerudi nyuma", lile neno linafanya watu wanyamaze kiisha wanaenda kununua unga kwa siri.

AMANI: Na kama ako na ugonjwa mwingine?

FURAHA: Ee, umegusa pa maana! Rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu, inaondosha methadoni haraka mwilini, anapata arosto na dozi haijabadilika, atafikiri muuguzi anamuibia. Efavirenzi, dawa ya VIH, inafanya vilevile. Kwa hiyo akiwa anatibiwa kifua kikuu asianze kushuka, kwanza aongee na munganga. Na mama mwenye mimba, iyo siyo wakati wa kushuka, arosto inaweza kuumiza mtoto tumboni.

AMANI: Yaya, kuna wale watasema apande tu basi, akifika huku atanunua ku farmasi ya Nyawera.

FURAHA: Methadoni haiuzwi kama parasetamoli! Asitoke Dar mbele ya kupanga na kliniki yake. Na msimupatie tramadoli eti isaidie, ile nayo inashika mtu, na ukizidisha inaleta kifafa. Kama harusi ni lazima, aulize kliniki kama wanaweza kumupatia dozi za safari na barua, wakikataa abaki, mtamuona ku video.

AMANI: Kitu gani kinakuogopesha zaidi?

FURAHA: Kipindi cha kisha kikombe cha mwisho. Majuma ine ya kwanza njo ya hatari kabisa. Mwili umesahau unga, yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani, anarudi mara moja tu juu ya huzuni ao pombe, anaacha kupumua. Wengi wanarudi, dada, nasema ukweli, na mwenye kurudi anapashwa kurudishwa ku methadoni haraka, asifukuzwe nyumbani. Mumukute analala, anakoroma vibaya, midomo imegeuka bluu, hasikii mukimuita: mumupatie pumzi kwa mdomo, mukimbize hopitali, muulize naloksoni, dawa ya kumuamusha mwenye kuzidisha unga. Na ata akiamuka musimurudishe nyumbani, naloksoni inaweza kuisha mbele ya unga ao methadoni yenye iko mwilini, anaweza kuzima tena.

AMANI: Dada wa Kadutu, umuite mama asikilize hii sehemu ya mwisho. Mwenye swali ingine atume sauti, tutajibu juma lijalo.