Tui Kwanza: Kupika Chakula cha Pwani Ukiwa Mbali na Pwani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie hamu ya vyakula vya nyumbani, na orodha mliyoiandika ubaoni naiona: wali wa nazi, mbaazi, mahamri, mchuzi wa samaki, urojo, biriani. Ni orodha ya watu wa pwani waliohamia kwenye baridi, na lalamiko lao ni lile lile: "Viungo vyote nimevipata, napika kama kule, lakini hakitoki." Nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalisema tena. Kabla hujalaumu mchele, samaki au jiko la umeme, angalia tui lako. Vyakula vinne kati ya hivyo sita vinasimama kwa tui.

Najua yupo atakayesema tatizo si tui, tatizo ni kwamba aliyekuwa akipika ni mama. Sibishani naye. Lakini mama alikuwa na utaratibu, na utaratibu unafuatika. Inaniudhi tunapousifu mkono wa mama huku tukikataa kuangalia mkono huo ulikuwa unafanya nini.

Tuanze na nazi yenyewe. Iwe imekomaa. Koroma halina mafuta ya kutosha, utakamua maji meupe tu. Nazi iliyoanza kuota ina joya ndani, lile donge laini kama sifongo, na joya limeshakula sehemu ya nyama. Ukiishika iwe nzito, ukiitikisa usikie maji yakicheza, na yale macho matatu yawe makavu bila ukungu. Nazi nyingi zinazouzwa ughaibuni zimekaa njiani muda mrefu, kwa hiyo ukishaivunja, nusa kabla hujakuna. Ikinuka mafuta yaliyochacha, itupe. Hakuna kiungo kitakachoificha harufu hiyo.

Kwenye mbuzi, yaani kibao cha kukunia nazi, ikune nyama nyeupe na uache kabla hujafika kwenye ngozi ya kahawia iliyoshika kifuu. Ile ngozi inalitia tui weusi na uchungu kidogo. Kama huna mbuzi, bandueni nyama kwa kisu, menyeni ngozi, kisha tumieni blenda. Blenda haina ubaya wowote, na sijui nani alieneza habari kwamba inaharibu tui.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi. Mombasa, Tanga au Unguja, maji ya ndoo jikoni kwa kawaida yako juu ya hapo, kwa hiyo mpishi anamwaga maji tu, anakamua, tui zito linatoka. Hakuhitaji kufikiria joto, na ndiyo maana hakukuambia. Wewe uko London mwezi wa Januari, maji ya bomba ni ya baridi kali, unakamua kwa nguvu zako zote na mafuta yamebaki yameganda kwenye machicha. Unayatupa machicha na utamu wote ndani yake, halafu unasema nazi za huku hazina ladha! Tumia maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila kuruka. Yasichemke, maana utajiunguza na utashindwa kufinyanga.

Nazi moja ya kadiri, maji kikombe kimoja. Finyanga machicha kwa mkono dakika mbili au tatu mpaka uone mafuta yanang'aa kwenye vidole, kisha kamua kwa kifumbu, au kwa kitambaa safi cha pamba. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudisha machicha, tia vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, finyanga, kamua. Hilo ni tui jepesi. Msiyachanganye. Narudia kwa walio nyuma: msiyachanganye. Tui jepesi ndilo la kupikia, tui zito ni la kumalizia.

Sababu iko wazi. Tui ni mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya maji kwa msaada wa protini. Moto mkali wa muda mrefu unaigandisha ile protini, mafuta yanaachana na maji, na tui linakatika. Ndimu, ukwaju na embe bichi huharakisha kukatika huko. Kwa hiyo mchuzi wa samaki unapikwa na ukwaju wake kwenye tui jepesi mpaka samaki aive. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga bila kuacha mpaka lianze kutokota, unaepua. Ukishafunika sufuria na kwenda kuongea na simu, umeshaliharibu.

Tui la kopo? Naam, nilijua swali litakuja. Sikatazi kopo, nakataza kopo lisilosomwa. Geuza usome. Unalolitaka limeandikwa nazi na maji, basi, na mafuta yawe gramu 17 au zaidi kwa kila gramu 100. Lile lililoandikwa kuwa limepunguzwa mafuta liache dukani. Kopo la nazi na maji ukiliweka mahali pa baridi bila kulitikisa hujitenga lenyewe: utando mzito wa juu ni tui lako zito, na maji ya chini ukiyaongezea kikombe kimoja cha maji ni tui jepesi. Lililotiwa vitu vya kulishikisha halijitengi. Halikatiki pia, na kwa sababu hiyo mchuzi wako hautoi yale mafuta membamba ya juu mnayoyakumbuka. Kuliko kopo, bora nazi iliyokunwa na kugandishwa kwenye friza, ambayo hupatikana kwenye maduka ya Wahindi na Wafilipino. Iyeyushe kabisa, kisha ikamue kwa maji ya uvuguvugu kama nilivyoeleza.

Wali sasa. Mchele vikombe viwili: chemsha tui jepesi vikombe viwili na nusu pamoja na chumvi huku unakoroga, mimina mchele, acha mpaka maji yakaribie kukauka, ndipo umwage tui zito kikombe kimoja na kugeuza mara moja. Mchele uliolowekwa, punguza tui jepesi nusu kikombe. Ukitia tui zito tangu mwanzo, linashika chini, ukoko unaungua na punje bado ina kiini. Kule tulipalia makaa juu ya mfuniko. Jiko la umeme linatoa moto wa chini peke yake, kwa hiyo hamishia sufuria kwenye oveni, nyuzi 150, dakika 20, imefunikwa vizuri. Wengi wanaruka hatua hii na kushangaa wali umelowa juu na kuungua chini.

Mbaazi: loweka usiku kucha, chemsha mpaka zibonyee kabisa kati ya vidole, kisha ndiyo tui. Ukwaju au nyanya zikitangulia, mbaazi zitagoma kuiva. Mlio Nairobi, pale mko juu ya mita 1,600, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, kwa hiyo ongezeni muda au tumieni presha kuka. Na penye maji ya chokaa nyingi, magadi robo kijiko cha chai yanasaidia. Ukizidisha zinavurugika na kuonja sabuni.

Naona naonyeshwa saa, mahamri nitayapitisha mbio. Unga nusu kilo, ukande kwa tui zito la uvuguvugu. Tui la friji linailaza hamira. Uache uumuke ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwaka, mpaka uwe mara mbili. Hiliki iponde mwenyewe, punje kumi hivi, kwani ya unga wa pakiti imeshapoteza harufu. Usisukume unga ukawa mwembamba, na mafuta yakishapata moto yarushie juu ya andazi kwa mwiko mara tu linapoelea, hapo ndipo linapovimba.

Urojo nitasema moja tu: uchachu wake utoke kwenye embe bichi lililopikwa ndani ya mchuzi, na ndimu ije mwisho. Siki haifai. Biriani ina mhadhara wake, leo hatuifikii. Karibuni maswali.