Figo Zako Wakati wa Upasuaji wa Matundu Madogo

Wazee wangu, shikamooni. Na wengine wote, habari za mchana. Asanteni kwa kunikaribisha.

Mimi ni daktari wa usingizi. Mpasuaji anapoinamia tumbo la mgonjwa, mimi nakaa upande wa kichwani na kuangalia pumzi, presha, mapigo ya moyo, na ule mfuko wa mkojo unaoning'inia pembeni mwa kitanda. Leo nataka tuuzungumzie mfuko huo, kwa sababu ndugu wa wagonjwa huuona tupu na kushtuka, huku jambo lenyewe la kushtukia likipita bila kuulizwa.

Siku hizi ukiambiwa una mawe kwenye kifuko cha nyongo, uvimbe kwenye kizazi au kidole tumbo, huenda ukashauriwa upasuaji wa matundu madogo. Ni upasuaji mzuri. Kidonda ni kidogo, maumivu hupungua, na mtu huinuka kitandani mapema. Natanguliza hilo ili asitoke mtu hapa akaenda kumtisha jirani yake aliyekwisha kupangiwa tarehe.

Sasa, ili kamera inayopitishwa kwenye tundu ione ndani, ukuta wa tumbo lazima unyanyuliwe kama turubai la harusi linavyonyanyuliwa ili watu wapite chini yake. Kinachonyanyua ni gesi ya kabonidioksaidi, hiyohiyo tunayoitoa kwa pumzi. Imechaguliwa kwa sababu haishiki moto, na humo ndani tunatumia umeme kuziba mishipa ya damu. Tena ikiingia kwenye damu huyeyuka upesi na kutolewa na mapafu. Mashine inayoisukuma ina kioo chenye namba. Mara nyingi utaona 12 hadi 15, yaani milimita za zebaki, kipimo kilekile mnachopimiwa presha. Kwa mtu asiye mnene, mgandamizo wa tumboni kwa kawaida hauvuki 7. Kwa hiyo kwa saa moja, mbili au tatu, viungo vyote vya tumboni vinabanwa kuliko vilivyozoea.

Figo ziko nyuma kabisa, kandokando ya uti wa mgongo. Mbili hizo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Mshipa unaoingiza damu una nguvu. Unaoitoa una ukuta mwembamba na presha ndogo, ndiyo maana huo hubanwa mapema. Damu ikichelewa kutoka, kuchuja nako kunapungua. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo nao unabanwa, moyo unapata damu pungufu, na mwili unaamini umeishiwa maji. Unamwaga homoni za kubana mishipa na kuzuia maji yasitoke. Mkojo unapungua.

Jambo hili si geni. Mwaka 1876 mtafiti wa Kijerumani aitwaye Wendt aliandika kwamba mgandamizo wa tumboni ukipanda, mkojo unashuka. Na mwaka 1901 Georg Kelling, aliyemchungulia mbwa tumboni kwa darubini mbele ya madaktari wenzake mjini Hamburg, alifika huko kwa sababu alikuwa akitafuta namna ya kuzuia damu inayovuja ndani ya tumbo. Wazo lake lilikuwa kujaza hewa mpaka mishipa ibanwe. Kwa maneno mengine, kubana mishipa, ambako sisi leo tunakuchunga, kwake ndiyo iliyokuwa tiba.

Turudi kwenye mfuko. Mtu wa kilo 60 tunategemea atoe angalau mililita 30 za mkojo kwa saa. Katikati ya upasuaji huu nesi anaweza kuinama, akausogeza mfuko kwenye mwanga, akakuta kiasi cha vijiko viwili vya chakula baada ya saa mbili, rangi yake kama chai ya rangi. Kwa mtu ambaye figo zake zilikuwa nzima, hilo peke yake halisemi kwamba zimeumia. Gesi ikitolewa, mkojo kwa kawaida hurudi ndani ya saa chache. Ndiyo maana hatufungulii dripu baada ya dripu kuufukuzia mkojo. Maji yakizidi hujaa kwenye mapafu na kwenye utumbo, tukawa tumemletea mgonjwa tatizo jingine. Tunaangalia presha yake, tunaangalia damu iliyopotea, na tunampa maji anayoyahitaji.

Ninayemhofia mimi ni mwingine. Fikirieni mama wa miaka 58, ana kisukari na presha kwa muda mrefu, mawe ya nyongo yamemsumbua, kwa hiyo kwa wiki kadhaa amekuwa akimeza diklofenaki za duka la dawa. Ameambiwa asile kuanzia usiku. Yeye, kwa woga, ameacha hata maji tangu saa mbili usiku. Asubuhi orodha inabadilika, wa kwanza anakuwa wa nne, na anaingia chumbani saa tisa alasiri midomo imekauka. Kisha, kwa kuwa ni upasuaji wa nyongo, kitanda kinainuliwa upande wa kichwa, damu inateremkia miguuni. Juu ya hayo yote ndipo inakuja gesi. Figo zilizokuwa zikijikongoja zinapata pigo la nne au la tano kwa siku moja.

Mama huyu anaweza kuwa hajawahi kuambiwa ana shida ya figo. Kipimo cha damu cha kreatinini, yaani taka ambayo figo huichuja, huweza kubaki kwenye kiwango cha kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo umeondoka. Tena tunasema figo imeumia ghafla pale kreatinini inapopanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au inapofika mara moja na nusu ya ilivyokuwa, ndani ya siku 7. Sikilizeni hapo: ya *ilivyokuwa*. Kama haikupimwa kabla, baada ya upasuaji tutalinganisha na nini? Hilo ndilo ninalowaomba mlidai. Uliza, "Daktari, kreatinini yangu ni ngapi?" Andika namba hiyo, kaa nayo.

Taja dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Dawa fulani za presha, kama losartani na enalaprili, mara nyingi tunaziruhusu zirukwe siku ya upasuaji. Usiamue mwenyewe, uliza. Kuhusu maji, kwa wagonjwa wengi miongozo ya usingizi inaruhusu maji meupe mpaka zibaki saa mbili kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Si kila mtu, kwa hiyo uliza pia. Zamu yako ikisogezwa mbele, mwambie nesi kwamba una kiu. Huo si usumbufu. Na kwa mwenye figo dhaifu, timu inaweza kujadili kufanya kazi kwa mgandamizo mdogo zaidi, chini ya 10, pale mpasuaji anapoona vizuri.

Kuna njia nyingine ambayo figo huumia, nayo haihusiani na gesi. Kina mama wanaotolewa kizazi, nisikilizeni. Mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo unapita chini tu ya mshipa wa damu wa kizazi, ule ambao mpasuaji lazima aukate. Mrija unaweza kufungwa kwa uzi, kukatwa, au kuunguzwa na joto la umeme na kutoboka siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Si jambo la kila siku, lakini figo iliyozibiwa huweza kufa kimyakimya. Maumivu ya ubavuni upande mmoja, homa, tumbo kujaa, au maji yanayotoka ukeni bila kukoma: rudi hospitali siku hiyohiyo. Usimeze dawa ya maumivu ukasubiri kliniki ya wiki ijayo.

Na dawa za maumivu zenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia figo kufungua mishipa yake pale damu inapokuwa pungufu. Mwenye kisukari, mwenye presha, mzee, au aliyetapika siku mbili mfululizo baada ya upasuaji, aombe parasetamoli kwanza. Mkibaki kwenye mashaka, pigeni simu wodini.

Kwa wale walio kwenye hatari zaidi, yaani wazee na wenye kisukari, presha au figo dhaifu, rudieni kipimo cha kreatinini ndani ya siku mbili baada ya upasuaji, na tena mkija kutolewa nyuzi. Njooni na ile namba ya kwanza mliyoiandika. Haya, karibuni maswali. Tuanze na kina mama walioko nyuma.