Je, Chombo cha Angani Kinaweza Kujisukuma kwa Ndani?

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanafunzi na wageni wetu wote,

Swali nililopewa leo huulizwa na wanafunzi wajanja: kwa nini chombo cha angani kisijisukume kwa kuhamishahamisha vitu vizito vilivyomo ndani yake, kikaachana kabisa na mafuta? Naomba tuanzie majini, kwa kuwa huko jibu linaonekana kwa macho.

Chukueni mtumbwi wa kilo 120 uliotulia kwenye maji shwari, na mtu wa kilo 60 amesimama tezini, yaani nyuma. Akitembea ndani yake mita 3 kuelekea omoni, yaani mbele, mtumbwi hurudi nyuma mita 1, hivyo kwa anayetazama kutoka ufukoni mtu huyo amesogea mita 2 tu. Kilo 60 mara mita 2 ni sawa na kilo 120 mara mita 1. Kitovu cha tungamo la mtu na mtumbwi kwa pamoja, yaani mahali pa wastani pa uzito wao, hakikuondoka mahali pake. (Ukinzani wa maji nimeupuuza kwa makusudi, na tutaurudia, kwa maana ndio unaowadanganya wengi.) Akirudi tezini, mtumbwi nao unarudi ulikokuwa.

Mwanafunzi mjanja hakubali upesi. Atasema: basi aende polepole, kisha arudi kwa kishindo. Haisaidii, kwa sababu kila nukta momenta (tungamo mara kasi) ya mtu kuelekea mbele ni sawa na momenta ya mtumbwi kuelekea nyuma. Akiharakisha yeye, nao unaharakisha, na akisimama, nao unasimama.

Hata hivyo, akijaribu ziwani, huenda mtumbwi ukasogea kweli! Maji hayakinzi mwendo wa polepole na mwendo wa ghafla kwa uwiano ule ule, kwa hiyo yenyewe husukumwa upande mmoja huku mtumbwi ukienda upande wa pili. Sanduku lililo sakafuni hufanya vivyo hivyo kwa msaada wa msuguano. Mwaka 1959 Mmarekani Norman Dean alipewa hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) namba 2,886,976 kwa mtambo wa kugeuza mwendo wa mzunguko kuwa mwendo wa upande mmoja, na mwaka uliofuata mhariri wa jarida la hadithi za kisayansi John W. Campbell akaupigia debe kwa bidii. Mtambo wa namna hiyo, wenye vitu vizito vinavyozunguka vikiwa vimeegemea upande, hutambaa mezani na huweza kuuchanganya mshale wa mizani ya springi, lakini anayeutazama husahau kuihesabu meza. Angani hakuna meza.

Kituo cha Kimataifa cha Anga kina tani zipatazo 420. Mwanaanga wa kilo 80 akielea ndani yake mita 50, kituo husogea upande wa pili kwa chini kidogo ya sentimita 1, kisha basi.

Jambo moja linaruhusiwa, nalo ni kugeuka. Gurudumu likianza kuzunguka ndani ya chombo, chombo chenyewe huzunguka kinyume chake, na gurudumu likisimamishwa, chombo hubaki kinatazama upande mpya bila kitu chochote kutoka nje. Wakati mwingine hilo hutokea bila kutakiwa: kinasa-tepu cha Voyager 2, chombo cha Marekani cha kuchunguza sayari, kilipoanza au kuacha kuzunguka kilikitikisa chombo kizima, kiasi kwamba kabla ya kuipita sayari ya Uranus mwaka 1986 wahandisi walilazimika kukipangia kijirekebishe kwa mipulizo mifupi ya injini ndogo, ili picha zisipate ukungu.

Kituo cha Anga nacho huelekezwa kwa magurudumu 4 makubwa, kila moja likizunguka mara 6,600 kwa dakika. Lakini kani ndogondogo za kutoka nje, kama vile ukinzani wa hewa nyembamba iliyobaki huko juu, hukipotosha kituo kidogokidogo, na magurudumu hubeba mzigo huo hadi yanapofika kikomo. Hapo hayana msaada tena, na injini za upande wa Kirusi huwashwa, gesi ikatoka nje.